Kuajiriwa Serikalini Kama Afisa Maendeleo ya Jamii au Afisa Ustawi wa Jamii: Njia Nzima, Kuanzia Cheti cha Kidato cha Nne

Tangazo la kada hizi likitoka, waombaji wengi huenguliwa kabla jina lao halijafika mbele ya jopo la usaili. Shahada wanazo. Kinachowaangusha ni jina la kozi ambalo halimo kwenye tangazo, hati ya matokeo iliyopachikwa mahali pa cheti, barua isiyo na sahihi, au jina la baba lenye herufi moja ya ziada. Kwa hiyo kwenye mwongozo huu karatasi zimepewa nafasi kubwa kuliko walivyozoea wanaotoa ushauri wa "jiamini na ujieleze vizuri". Kujiamini kutakufaa siku ukiitwa.

Yanayoelezwa hapa ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina Tume yake ya Utumishi na utaratibu wake wa kuomba.

Amua kwanza unaomba kada ipi

Hizi ni kada mbili, na wanaozichanganya hujulikana dakika ya kwanza ya mahojiano.

Afisa Maendeleo ya Jamii hushughulika na jamii ikiwa kundi. Anaunda na kulea vikundi, anasimamia mikopo ya halmashauri kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, anawawezesha wananchi kuibua na kupanga miradi yao, na anafuatilia mashirika yasiyo ya kiserikali yaliyomo kwenye eneo lake.

Afisa Ustawi wa Jamii hushughulika na mtu au familia iliyopatwa na shida: mtoto aliyetelekezwa, mzee asiye na wa kumtunza, mama anayedai matunzo ya watoto, manusura wa ukatili, kijana aliyekinzana na sheria. Kazi yake ni mashauri, na kila shauri lina jalada lake.

Zote mbili zipo chini ya sera za Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, iliyotenganishwa na Wizara ya Afya Januari 2022. Lakini ofisa wa halmashauri huripoti kwa Mkurugenzi wa halmashauri, na halmashauri zipo chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Ndani ya halmashauri kada hizi hazikai mlango mmoja: Maendeleo ya Jamii wana divisheni yao, na Ustawi wa Jamii wamo kwenye Divisheni ya Afya, Ustawi wa Jamii na Lishe. Ukiulizwa "bosi wako wa karibu atakuwa nani?", jibu linatoka hapo.

Kozi iwe ile inayotajwa kwa jina

Kila kada serikalini ina Muundo wa Utumishi, waraka unaosema nani aingie, kwa elimu gani na kwa mshahara wa ngazi gani. Tangazo hunakili maneno ya muundo huo, na mchujo wa kwanza unalinganisha kozi yako na maneno hayo. Kwa Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II, ambaye huanzia ngazi ya mshahara ya serikali iitwayo TGS D, matangazo hutaka shahada au stashahada ya juu katika fani kama Maendeleo ya Jamii, Sosholojia, Masomo ya Maendeleo, Jinsia na Maendeleo, au Upangaji na Usimamizi wa Miradi Shirikishi. Mwenye stashahada huingilia Afisa Maendeleo ya Jamii Msaidizi Daraja la II, TGS C. Matangazo ya Ustawi wa Jamii hutaja Ustawi wa Jamii na Sosholojia, na mengine huongeza fani za jirani. Soma tangazo lenyewe, kila mara, kwa sababu orodha hubadilika.

Aliyesoma Utawala wa Umma au Rasilimali Watu akidhani "yote ni mambo ya jamii" hatapita, hata kama amefanya kazi ya vikundi miaka mitano. Kama bado hujaanza chuo, chukua matangazo mawili matatu ya zamani ya kada unayoitaka, andika fani zilizojirudia kwenye yote, kisha chagua kozi kutoka humo. Kozi yenye jina jipya la kuvutia, ambalo halijawahi kuonekana kwenye tangazo lolote, ni kamari.

Ngazi za kupandia ni hizi. Kuingia astashahada unahitaji ufaulu wa masomo manne kidato cha nne, bila kuhesabu ya dini. Ukimaliza ngazi ya 4 na ya 5 za NTA, yaani tuzo za taifa za ufundi, unaendelea na ya 6, ambayo ndiyo stashahada. Kuingia shahada kwa njia ya kidato cha sita, kiwango cha chini cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni ufaulu wa masomo mawili ya tahasusi yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa njia ya stashahada ni GPA isiyopungua 3.0, pamoja na namba ya uhakiki wa tuzo, AVN, unayoiomba NACTVET, baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Vyuo vinaweza kudai zaidi ya hapo.

Kwa upande wa vyuo, Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyopo Kijitonyama, Dar es Salaam, na Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru, Arusha, ndizo zenye mizizi mirefu kwenye kada hizi. Vyuo vya maendeleo ya jamii kama Rungemba, Buhare, Misungwi, Mlale na Uyole ni njia nzuri ya kuanzia chini. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dodoma, Sokoine na Mzumbe navyo vina shahada za fani hizi au za jirani. Jopo halikupi alama kwa jina la chuo, mradi kinatambuliwa na Serikali.

Nyaraka: fanya hivi kabla tangazo halijatoka

Matangazo mengi hukaa hewani wiki mbili hivi. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA na marekebisho ya majina haviishi ndani ya wiki mbili. Anza leo hata kama huoni tangazo lolote.

Unachotakiwa kuwa nacho mkononi: cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, namba ya NIDA, cheti cha kidato cha nne, cha kidato cha sita kama ulifika huko, cheti cha chuo pamoja na transkripti yake, cheti cha kompyuta kama tangazo limekitaka, na picha ndogo ya karibuni.

Kuhusu vyeti, neno ni cheti. Hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita, matokeo ya awali ya chuo na barua za "kuhitimu" hazikubaliki, na tangazo huandika hivyo kwa herufi kubwa. Kila mwaka wapo wanaobeba hati ya matokeo miaka minne kwa sababu cheti kimezuiliwa shuleni kwa deni la ada au la dawati. Kalipe deni hilo. Transkripti bila cheti nayo ni nusu ya safari.

Nakala zithibitishwe na wakili au hakimu, mhuri na sahihi viwe juu ya nakala yenyewe na visomeke baada ya kuskani. Mhuri uliofifia hugeuka kivuli kwenye PDF. Aliyesoma nje ya nchi apeleke cheti kuhakikiwa: TCU kwa shahada, NACTVET kwa stashahada na astashahada, NECTA kwa sekondari.

Sasa majina. Tandaza nyaraka zako zote mezani, kisha soma jina herufi kwa herufi, kuanzia cheti cha kuzaliwa hadi cha chuo. Salum kwenye cheti cha kuzaliwa na Salumu kwenye cha kidato cha nne ni majina mawili mbele ya mhakiki. Vivyo hivyo Mohamed na Muhammad, jina la kati lililofupishwa kuwa herufi moja, au ubini wa ndoa ulioingia NIDA wakati vyeti vina ubini wa baba. Ukikuta tofauti, nenda kwa wakili upate hati ya kiapo au hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, kulingana na ukubwa wa tofauti yenyewe. Jina likiwa limebadilika kabisa, kiapo peke yake hakitoshi. Ambatisha hati hiyo kwenye maombi na ubebe halisi yake siku ya usaili.

Akaunti ya Ajira Portal

Maombi hupokelewa kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, portal.ajira.go.tz. Sekretarieti hii imeundwa kwa Sheria ya Utumishi wa Umma Na. 8 ya mwaka 2002, kama ilivyorekebishwa na Sheria Na. 18 ya mwaka 2007. Maombi yaliyopelekwa kwa mkono, posta au baruapepe hayafikiriwi pale tangazo linaposema mfumo tu.

Makosa mengi huanzia stesheneri. Mwombaji anakaa pembeni, kijana wa stesheneri anafungua akaunti kwa baruapepe aliyoitunga papo hapo, na nywila anabaki nayo yeye. Miezi miwili baadaye majina ya walioitwa yametoka, namba ya usaili imo ndani ya akaunti, na mwenye akaunti hawezi kuingia. Fungua baruapepe yako mwenyewe kwanza, kwa namba ya simu ambayo hutaiacha. Stesheneri ikusaidie kuskani tu.

Ukiingia, jaza kila sehemu: taarifa binafsi, mawasiliano, elimu, mafunzo ya kitaaluma, lugha, uzoefu wa kazi, warsha, ujuzi wa kompyuta, wadhamini, viambatisho vingine na tamko la mwisho. Mahali pa kutulia ni hapa:

Elimu. Namba ya mtihani wa kidato cha nne iandikwe kwa mtindo wake kamili, mfano S0000/0000/2014, yaani namba ya shule, ya mtahiniwa, na mwaka. Aliyerudia mtihani aweke na kile cheti kingine. Kwenye chuo, chagua jina la kozi linalofanana neno kwa neno na cheti chako. Orodha huwa ndefu na ina majina yanayokaribiana, na anayechagua la juu juu kwa haraka huonekana kwenye mfumo kuwa na kozi isiyohitajika. Hili ndilo kosa linaloumiza zaidi, kwa sababu mwombaji ana sifa na mfumo unasema hana.

Makazi ya sasa. Usaili wa mchujo hufanyika mikoani, na mkoa wako hupangwa kwa kufuata anwani uliyojaza. Aliyehama Mbeya akaenda Mwanza bila kuhuisha anwani ataitwa Mbeya, na nauli ni yake.

Viambatisho. Kila faili iwe PDF, ukubwa usizidi ule ulioandikwa pembeni ya kitufe. Skani kwa rangi, ukurasa ukiwa umenyooka. Picha ya simu yenye kivuli cha kidole pembeni ipo kwenye maombi mengi kuliko unavyodhani. Baada ya kupakia, fungua faili tena ukiwa ndani ya akaunti. Wapo waliopakia transkripti mara mbili na cheti wakakisahau.

Ukimaliza, rudi kwenye tangazo, bonyeza kuomba, kisha hakikisha nafasi hiyo inaonekana kwenye orodha ya maombi yako. Kujaza wasifu si kuomba. Tuma siku tatu kabla ya mwisho, maana siku ya mwisho mfumo huelemewa.

Masharti mengine ya kawaida: uwe raia wa Tanzania, umri usizidi miaka 45 isipokuwa kwa aliye tayari mtumishi wa umma, na mwenye ulemavu aainishe hali yake kwenye mfumo. Mtumishi aliyepata sifa za kuingia muundo mwingine apitishe barua yake kwa mwajiri. Aliyestaafishwa kwenye utumishi wa umma haombi bila kibali. Hakuna malipo yoyote. Anayekupigia simu kuwa "jina lako lipo, tuma ya kukamilisha" ni tapeli.

Barua na CV

Barua huelekezwa kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma, au kwa anwani nyingine itakayotajwa kwenye tangazo. Ukurasa mmoja unatosha. Aya ya kwanza itaje cheo kama kilivyoandikwa, "Afisa Maendeleo ya Jamii Daraja la II", pamoja na kumbukumbu ya tangazo. Ya pili, elimu yako. Ya tatu, jambo moja au mawili uliyoyafanya yanayogusa majukumu yaliyotajwa. Kisha isaini kwa kalamu na uiskani. Jina lililochapwa chini ya barua halihesabiki kuwa sahihi.

CV iwe na wadhamini watatu wanaokufahamu kikazi au kimasomo, wenye simu zinazopokelewa. Waambie kabla. Mhadhiri aliyekufundisha, mtendaji wa kata uliyejitolea kwake na msimamizi wa mafunzo kwa vitendo ni mchanganyiko mzuri. Mjomba hapana.

Kuhusu uzoefu: nafasi za Daraja la II huwa hazidai miaka ya kazi, lakini aliyekaa uwandani hujibu mahojiano kwa urahisi zaidi. Andika barua kwa Mkurugenzi wa halmashauri ukiomba kujitolea, au jisajili kwenye mafunzo ya uzoefu kazini yanayoratibiwa na Kitengo cha Huduma za Ajira, TaESA. Ukiwa huko, omba kushika daftari. Aliyewahi kuandika muhtasari wa kikao cha kikundi au kujaza fomu ya shauri anazungumza tofauti na aliyekaa benchi akisubiri posho.

Mchujo

Majina ya walioitwa hutoka kwenye tovuti, na namba ya usaili hunakiliwa kutoka kwenye akaunti. Haitolewi mlangoni. Iandike kwenye karatasi, simu inaweza kuzima.

Mtihani wa mchujo huwa wa maandishi au wa kompyuta, na nafasi zikiwa chache hata aliyefaulu nusu anaweza kuachwa, kwa kuwa wanaosonga mbele ni wa juu kwa kulinganisha na idadi ya nafasi. Jiandae kwa Kiswahili na Kiingereza, kwa sababu istilahi za chuoni mara nyingi huja kwa Kiingereza.

Yasome haya: tofauti ya ufuatiliaji na tathmini, hatua za kuandika andiko la mradi, mti wa matatizo, mbinu shirikishi, hasa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambayo halmashauri huitumia kupanga kuanzia kijijini. Kwa ustawi: hatua za kushughulikia shauri, kanuni ya maslahi bora ya mtoto, usiri na mipaka yake. Kwa wote: Sera ya Maendeleo ya Jamii ya 1996, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, Sheria ya Mtoto Na. 21 ya 2009, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002, maadili ya utumishi wa umma, na Dira ya Maendeleo 2050 iliyozinduliwa Julai 2025. Usikariri tarehe peke yake. Jua kila moja inampa nani wajibu gani.

Programu tatu zijue kama kiganja chako. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na TASAF: kaya zinapatikanaje, masharti ya afya na elimu kwa watoto ni yapi, malalamiko yanapelekwa wapi. MTAKUWWA, mpango wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, na kamati zake zinazoshuka hadi kijiji na mtaa. Na PJT-MMMAM, programu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto iliyoanza 2021/22.

Mahojiano

Njoo na vyeti halisi vyote na kitambulisho. Anayekuja na nakala tu hurudishwa mlangoni, hata kama ametoka Kigoma. Chakula, nauli na malazi ni juu yako.

Jopo likikuuliza ujieleze, taja jina, elimu, ulichowahi kufanya kinachohusiana na kazi, basi. Dakika moja na nusu. Historia ya ukoo haina alama. Baada ya hapo huja maswali ya kazi, na hapo ndipo wengi hujibu kwa hotuba: "nitatoa elimu, nitahamasisha, nitashirikiana na wadau". Jibu hilo halina kosa, ila halina kitu. Jopo linataka hatua, kwa mpangilio, na nani anaamua nini.

Chukua swali la mikopo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mapato hayo yakiwa shilingi bilioni 2, baada ya kuondoa vyanzo vilivyolindwa, yaani vyenye matumizi maalum, fedha za mikopo ni milioni 200, yaani milioni 80, 80 na 40. Ujue kupiga hesabu hiyo kichwani, na ujue kwamba mikopo hiyo haina riba, na kwamba utoaji wake ulisimamishwa mwaka 2023 kisha ukarejeshwa kwa utaratibu mpya.

Swali lenyewe: kikundi cha wanawake kimekopa milioni 6 kusindika karanga, kinatakiwa kurejesha laki tano kila mwezi kwa miezi 12. Kimelipa miezi miwili, mwezi wa tatu kimya. Utafanya nini?

Anayeanza na "nitawapeleka polisi" amejikwaa. Anayesema "nitawaongezea muda" amejikwaa zaidi, kwa sababu afisa wa kata hana mamlaka ya kubadili mkataba. Jibu linaloshika linakwenda hivi. Napitia jalada: mkataba, deni lililobaki, ambalo ni milioni 5, majina na simu za viongozi. Natembelea mradi wenyewe, si nyumbani kwa mwenyekiti tu. Naangalia mashine ipo na inafanya kazi, naomba daftari la mauzo na la mahudhurio, nahesabu wanachama waliopo. Hapo najua shida ni ya aina gani. Mashine imeharibika au karanga zimepanda bei? Hilo ni tatizo la biashara. Walishagawana fedha siku ya kwanza na mashine haikununuliwa? Hilo ni ukiukaji wa mkataba. Naandika taarifa yenye mapendekezo kwa Mkuu wa Divisheni, nakala ofisi ya kata. Kuongeza muda au kuchukua hatua za kisheria kunaamuliwa na ngazi yenye mamlaka, mimi natekeleza na kufuatilia. Ukiongeza kwamba mara nyingi dalili huonekana mapema, pale wanachama wanapoanza kukosa vikao, jopo litajua umewahi kukaa na kikundi.

Kwa ustawi, swali linalopendwa ni la mtoto. Mwanafunzi wa miaka 13 amebakwa na jirani jana usiku, wazazi wa pande mbili wamekaa na kukubaliana fidia ya ng'ombe wawili, mtendaji anakuomba usaini makubaliano.

Hutasaini. Lakini usiishie kwenye "sisaini", sema mpangilio. Usalama wa mtoto kwanza: yuko wapi sasa, na mtuhumiwa anaweza kumfikia? Pili kituo cha afya, haraka, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na matibabu ya dharura hayasubiri fomu ya polisi. Asioge wala kufua nguo kabla ya uchunguzi. Tatu, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi. Hili ni kosa la jinai, halina usuluhishi wa kifamilia. Nne, jalada la shauri, tathmini ya familia, ushauri nasaha, mpango wa kumrudisha shule. Tano, ufuatiliaji, kwa sababu familia itashinikizwa kukana ushahidi. Mtoto asihojiwe upya na kila ofisi. Taja na namba 116, simu ya bure ya kumsaidia mtoto, ambayo mwananchi yeyote anaweza kuipigia.

Swali usilolijua, sema hulijui. Kubuni kifungu cha sheria mbele ya mwanasheria aliyekaa kwenye jopo ni jambo baya kuliko kukosa alama mbili.

Ukishafaulu

Kufaulu na kupangiwa kazi ni vitu viwili. Nafasi zikijaa, waliofaulu huwekwa kwenye kanzidata ya Sekretarieti na huitwa kibali kipya kikipatikana, wakati mwingine kwenda halmashauri ambayo hawakuitarajia. Simu iwe hewani.

Ukipangiwa, chukua barua yako na uripoti kwa mwajiri ndani ya muda ulioandikwa humo, ukiwa na vyeti halisi kuanzia kidato cha nne. Mwajiri huvihakiki kabla ya kukupa barua ya ajira, na asiyeripoti kwa wakati nafasi yake hupewa mwingine. Nenda na fedha za kujikimu, kwani mshahara wa kwanza husubiri uingizwe kwenye mfumo wa malipo. Kijijini ulikopangiwa huenda nyumba ya mtumishi isiwepo. Ulizia kwa mtendaji wa kata kabla hujafunga mizigo.

Miezi 12 ya kwanza ni ya majaribio. Mwisho wake unathibitishwa kazini, na hilo halijitokezi lenyewe: fuatilia barua ya kuthibitishwa kwa Ofisa Utumishi, maana bila hiyo kupanda cheo kunakwama. Utendaji hupimwa kwenye mfumo wa PEPMIS, ambako unajaza malengo na kazi zako mwenyewe, na msimamizi anazipitisha. Anayengoja mwisho wa mwaka ajaze kwa mpigo hukuta amekosa alama za miezi aliyofanya kazi kweli.

Wanaolenga usimamizi wa programu zenyewe, yaani kuongoza divisheni na kuwa na maafisa wa kata chini yao, wajue kwamba hapaingiliwi kutoka mtaani. Unapanda: Daraja la II, Daraja la I, Mwandamizi, Mkuu, ukikaa kila cheo kwa miaka isiyopungua mitatu na kwa utendaji wa kuridhisha. Uteuzi wa Mkuu wa Divisheni huambatana na upekuzi, na hapo historia yako yote inafunguliwa: vyeti, madeni, mashauri ya nidhamu, na ile hoja ya ukaguzi ya vikundi hewa iliyoandikwa kata yako ulipokuwa Daraja la II. Ndiyo maana daftari la kikundi, lenye tarehe, sahihi na risiti za marejesho, linafaa kutunzwa tangu mwezi wa kwanza kazini. Ukihama kituo, likabidhi kwa maandishi na ubaki na nakala ya hati ya makabidhiano.